Leseni Yenye Kumbukumbu: Pointi za Makosa na Vifo vya Mwendokasi

Dereva anayepigwa tochi katika barabara kuu za Tanzania huandikiwa faini, na kiwango kilichozoeleka ni shilingi 30,000 kwa kosa moja. Akishalipa, hesabu yake huonekana imefungwa. Hapo ndipo ulipo udhaifu wa faini inaposimama peke yake: haina kumbukumbu. Dereva aliyezidisha mwendo mara moja katika miaka 10 na mwenzake anayezidisha kila wiki hutozwa kiasi kilekile kwa kila kosa, na kila mmoja huondoka kana kwamba ndiyo mara yake ya kwanza. Mwenye fedha huihesabu faini kuwa sehemu ya gharama za safari, pamoja na mafuta na matairi. Asiye nazo huumia siku ile, kisha husahau.

Nchi kadhaa zimejaribu kuziba pengo hilo kwa kuipa leseni yenyewe kumbukumbu. Pamoja na faini, kosa huandikiwa pointi katika rekodi ya dereva, na pointi zikifika kiwango kilichowekwa, leseni husimamishwa au hufutwa. Mara nyingi utaratibu huu hujadiliwa kama jambo la polisi na mahakama. Makala haya yanautazama kwa jicho la tiba, kwa kuwa swali lililo chini yake ni la tiba: je, karatasi anayoandikiwa dereva leo inaweza kumwepusha mtu na kifo mwezi ujao? Swali hilo limekwisha kupimwa kwa mbinu za kitabibu, na majibu yake yanafaa kufahamika kwa kila anayeendesha gari na kila anayevuka barabara.

Mwendo unavyoingia mwilini

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 1.19 walipoteza maisha kwa ajali za barabarani duniani. Ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29, na zaidi ya vifo 9 katika kila 10 hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Miongoni mwa visababishi vyake, mwendo una nafasi ya pekee kwa kuwa hudhuru mara mbili: huongeza uwezekano wa ajali kutokea, na ajali ikishatokea huongeza ukubwa wa majeraha.

Sababu ya jambo hili la pili ni ya kifizikia. Nishati ya gari huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo wake. Gari linalokwenda kilometa 100 kwa saa lina nishati mara nne ya lile linalokwenda kilometa 50, wala si mara mbili kama wengi wanavyodhani. Gari linapogonga, nishati hiyo haipotei. Sehemu yake humezwa na bati linalojikunja na mkanda unaovutika, na iliyobaki huupata mwili. Mwili unaposimama ghafla, viungo vya ndani huendelea kusonga kwa mwendo uleule: ubongo hujigonga ndani ya fuvu, ini na wengu huweza kupasuka, na aota, yaani mshipa mkuu unaotoka moyoni, huweza kuchanika. Mtembea kwa miguu hana bati wala mkanda wa kumkinga, hivyo hupokea kipigo hicho moja kwa moja.

Ndiyo maana tofauti ndogo za mwendo huleta tofauti kubwa za vifo. Kwa mujibu wa WHO, kila mwendo wa wastani unapoongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa takriban asilimia 4. Hatari ya kufa kwa mtembea kwa miguu anayegongwa na mbele ya gari huongezeka mara 4.5 mwendo unapopanda kutoka kilometa 50 hadi 65 kwa saa.

Mfano wa hesabu utalifafanua jambo hili. Magari mawili yanakwenda sambamba, moja kwa kilometa 50 kwa saa na jingine kwa kilometa 65. Mtoto anajitokeza barabarani, mita 28 mbele yao. Madereva wote wawili wako macho, breki zao ni nzima, barabara ni kavu, na kila mmoja anahitaji sekunde moja kabla mguu wake haujakanyaga breki. Gari la kwanza linapita takriban mita 14 katika sekunde hiyo, linatumia mita nyingine 14 kupunguza mwendo, na linasimama likiwa limemkaribia mtoto. Gari la pili linapita mita 18 kabla ya breki kushika. Limebakiwa na mita 10 tu, na linapofika alipo mtoto bado lina mwendo wa karibu kilometa 50 kwa saa. Dereva wa gari hilo, kama angesafiri kilometa 10 kwa mwendo huo bila kusimama, angekuwa ameokoa dakika zisizofika 3.

Pointi zinavyohesabiwa

Ontario, jimbo lenye watu wengi kuliko yote nchini Kanada, linafaa kuwa mfano kwa kuwa kanuni zake ni rahisi kueleweka na athari zake zimechunguzwa kwa kina. Dereva wa huko huanza na sifuri, na pointi hujikusanya kadiri anavyokosa. Akitiwa hatiani kwa kuzidisha mwendo kwa kilometa 15 kwa saa au pungufu, hulipa faini bila kuandikiwa pointi. Akizidisha kwa kilometa 16 hadi 29 huandikiwa pointi 3, kwa kilometa 30 hadi 49 pointi 4, na kuanzia kilometa 50 pointi 6. Pointi hubaki katika rekodi kwa miaka 2 tangu siku ya kosa, kisha huondolewa.

Mwenye leseni kamili akikusanya pointi chache hutumiwa barua ya onyo. Akifikisha 9 hutumiwa barua ya pili inayomhimiza abadili mwenendo. Akifikisha 15 leseni yake husimamishwa kwa siku 30. Kwa hiyo, dereva anayekamatwa mara 5 ndani ya miaka 2 akiwa amezidisha mwendo kwa kilometa 20 tu kila mara hujikuta hana leseni, ingawa hakuna hata kosa moja kati ya hayo ambalo lingeonekana kubwa likitazamwa peke yake. Kwa dereva ambaye bado yuko katika ngazi za kujifunza, kikomo ni pointi 9, na leseni husimamishwa kwa siku 60.

Nchi nyingine zimeuchukua utaratibu huu kwa sura zao. Nchini Uingereza, kima cha chini kwa kosa la mwendo ni faini ya pauni 100 na pointi 3. Anayefikisha pointi 12 ndani ya miaka 3 kwa kawaida huzuiwa kuendesha kwa muda usiopungua miezi 6. Aliyepata leseni yake chini ya miaka 2 iliyopita hufutiwa leseni akifikisha pointi 6, na hulazimika kufanya upya mitihani yote. Ujerumani huweka rekodi za madereva wake katika daftari kuu mjini Flensburg, na leseni hufutwa dereva anapofikisha pointi 8. Ufaransa, iliyoanzisha utaratibu huu mwaka 1992, huhesabu kinyume: dereva hupewa pointi 12, au 6 kama ni mgeni barabarani, naye hukatwa kadiri anavyokosa. Zikiisha, leseni imekufa.

Iwe kwa kujumlisha au kwa kutoa, mambo matatu hufanana kote. Pointi hupimwa kwa uzito wa hatari. Pointi hukusanya makosa madogo hadi yaonekane yalivyo, yaani tabia. Tena pointi hufutika kwa muda, hivyo dereva anayejirekebisha hurudi katika hali yake ya awali. Kuna na jambo la nne linalogusa haki: faini moja huwa nzito kwa maskini na nyepesi kwa tajiri, lakini kila dereva ana leseni moja tu.

Kipimo cha Toronto

Mwaka 2003 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti wa Donald Redelmeier, daktari wa mjini Toronto, akishirikiana na mwanatakwimu Robert Tibshirani na mtaalamu wa usalama barabarani Leonard Evans. Walitaka kujua kama kutiwa hatiani kwa kosa la barabarani hupunguza uwezekano wa dereva kuhusika katika ajali ya kuua.

Swali hilo ni gumu kuliko linavyoonekana. Kuwalinganisha madereva walioandikiwa makosa na wasioandikiwa hakutoshi, kwa sababu makundi hayo hayafanani: wanaoandikiwa huenda wanaendesha zaidi, au kwa fujo zaidi, na wangepata ajali nyingi hata bila karatasi ya polisi. Watafiti hao walilikwepa tatizo hilo kwa kumlinganisha kila dereva na nafsi yake. Waliwachukua madereva 8,975 wa Ontario waliohusika katika ajali za kuua katika kipindi cha miaka 11. Kwa kila mmoja walitazama kama alitiwa hatiani kwa kosa lolote la uendeshaji katika mwezi uliotangulia ajali, kisha wakatazama mwezi kama huo mwaka mmoja kabla, ambao haukuishia kwenye ajali. Kama adhabu haisaidii kitu, idadi ya makosa katika miezi hiyo miwili ingelingana.

Hazikulingana. Mwezi uliotangulia ajali ulikuwa na hatia chache zaidi, kiasi cha kuonyesha kwamba hatari ya kuhusika katika ajali ya kuua ilikuwa pungufu kwa takriban asilimia 35 katika mwezi mmoja baada ya dereva kutiwa hatiani. Nafuu hiyo iliwahusu madereva wa umri na uzoefu tofauti. Tena, nafuu ilikuwa kubwa zaidi pale kosa lilipoambatana na pointi kuliko pale lilipoishia kwenye faini, na tofauti hiyo ilionekana hata katika makosa ya mwendo yakitazamwa peke yake. Fedha zilizolipwa hazikutosha kueleza matokeo hayo. Kilichokuwa kinafanya kazi ni kujua kwamba kosa lile limeandikwa na litahesabiwa tena.

Hata hivyo, utafiti huohuo ulionyesha mpaka wa tiba hii. Kufikia mwezi wa 2 nafuu ilikuwa imefifia sana, na kufikia mwezi wa 3 au wa 4 haikuonekana tena. Watafiti walikadiria kuwa kifo kimoja huzuiwa kwa kila madereva 80,000 hivi wanaotiwa hatiani, na ziara moja ya idara ya dharura kwa kila 1,300. Kwa mtu mmoja mmoja faida hiyo ni ndogo sana kuonekana. Hakuna dereva anayeweza kusema kwamba karatasi fulani ilimwokoa mtu fulani. Ni faida ya aina ileile inayotolewa na chanjo: huonekana katika jamii nzima, na anayenufaika nayo hajitambui.

Dawa inayoisha nguvu

Kinachotokea kwa dereva mmoja hutokea pia kwa nchi nzima. Mwaka 2012 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Seville nchini Hispania, José Ignacio Castillo-Manzano na Mercedes Castro-Nuño, walikusanya na kuchambua kwa pamoja tafiti za nchi mbalimbali zilizoanzisha leseni za pointi. Walikuta kuwa mwanzoni ajali, majeruhi na vifo hupungua kwa asilimia 15 hadi 20. Walikuta pia kuwa mafanikio hayo huyeyuka ndani ya muda usiofika miezi 18.

Maelezo ya kufifia huko si ya kutafuta mbali. Sheria mpya inapotangazwa, kila dereva huamini kwamba atakamatwa, na hupunguza mwendo kabla hata hajaona askari. Miezi ikipita anagundua kwamba tochi ni chache, zinasimama mahali palepale, na madereva wanaotoka upande wa pili humtahadharisha kwa kuwasha taa. Imani ya kukamatwa ikishatoweka, pointi hubaki maandishi katika sheria. Wataalamu wa elimu ya uhalifu wamekubaliana kwa muda mrefu kwamba uhakika wa kukamatwa humzuia mtu kuliko ukali wa adhabu, na leseni za pointi zimethibitisha jambo hilo.

Kwa lugha ya hospitali, hii ni dawa yenye nguvu inayotoka mwilini upesi. Dawa ya namna hiyo haitolewi mara moja kwa dozi kubwa. Hutolewa kwa dozi ndogo, kwa saa zinazojulikana, bila kuruka. Usimamizi unaokuja kwa vishindo wakati wa sikukuu, au baada ya ajali iliyotikisa taifa, kisha ukalegea, unafanana na mgonjwa anayemeza vidonge siku anayoumwa tu.

Pointi ni za nani?

Ugumu mwingine huanzia kwenye ushahidi. Askari anayesimamisha gari anamwona dereva na kuikagua leseni yake. Kamera inaona namba ya gari. Kwa sababu hiyo Ontario, hadi ilipopiga marufuku kamera za mwendo mwishoni mwa mwaka 2025, ilimtoza faini mwenye gari aliyenaswa na kamera bila kumwandikia mtu yeyote pointi. Kamera zilirudisha faini isiyo na kumbukumbu.

Uingereza ilichagua njia nyingine. Mwenye gari hutumiwa taarifa, na ana siku 28 za kumtaja aliyekuwa akiendesha. Asipomtaja, hilo nalo ni kosa, na hubeba pointi 6. Njia hiyo huziba mwanya mmoja na kufungua mwingine, kwa kuwa mtu aweza kukubali kubeba makosa ya mwenzake. Mwanasiasa Chris Huhne alinaswa na kamera mwaka 2003 akizidisha mwendo, na mke wake wa wakati huo, Vicky Pryce, akakubali kuandikiwa pointi zile ili mumewe asipoteze leseni. Siri hiyo ilipofichuka miaka mingi baadaye, Huhne alikuwa waziri. Alijiuzulu mwaka 2012, na mwaka 2013 wote wawili walihukumiwa kifungo cha miezi 8 kwa kupotosha haki. Kisa hicho hukumbukwa kwa aibu yake, ila kinaonyesha pia jambo ambalo takwimu haziwezi kulionyesha: mtu ambaye asingeihofia faini alizihofia pointi 3 kiasi cha kuhatarisha heshima na uhuru wake.

Yanayopaswa kuzingatiwa Afrika Mashariki

Sheria ya Tanzania inaweka kikomo cha kilometa 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kilometa 80 kwa mabasi ya abiria na magari makubwa. Mabasi ya masafa marefu hufungwa vifaa vinavyomwezesha mdhibiti wa usafiri wa ardhini, LATRA, kuuona mwendo wao yakiwa safarini. Vipimo, kwa hiyo, havikosekani. Tafiti zilizoelezwa hapo juu zinaonyesha kwamba thamani ya kipimo hutegemea kinachofuata baada ya mwendo kupimwa: kama unaandikwa kwa jina la mtu, kama rekodi hiyo inasomeka kutoka mkoa mmoja hadi mwingine, na kama inatazamwa tena anapokosa mara ya pili.

Lipo pia swali la haki. Dereva wa basi au lori mara nyingi ni mwajiriwa. Ratiba, idadi ya safari na malipo yake hupangwa na mwingine. Ikiwa pointi zote zitaishia kwenye leseni yake, mwajiri anayenufaika na mwendo ataajiri dereva mwingine mwenye leseni safi na ratiba itabaki ileile. Utaratibu wenye haki hauna budi kuifuata kumbukumbu hiyo hadi kwa mmiliki, kwa kutazama ni pointi ngapi zimekusanywa na madereva wa kampuni moja, na kuhusisha hesabu hiyo na kibali chake cha kusafirisha abiria. Vilevile, kadiri adhabu inavyokuwa nzito ndivyo kishawishi cha kuyamaliza mambo pembeni ya barabara kinavyokua. Pointi inayoweza kununuliwa isiandikwe ni faini nyingine tu, tena isiyo na risiti.

Yapo ambayo hayangoji sheria yoyote. Mwajiri anaweza kuisoma rekodi ya mwendo ya kila gari lake kila wiki, na kuzungumza na dereva aliyezidisha mara kwa mara kabla polisi hawajazungumza naye. Abiria anaweza kumwambia dereva apunguze mwendo, kwa adabu na mapema, na wenzake wakamuunga mkono badala ya kunyamaza. Dereva mwenyewe anaweza kuipanga safari kwa dakika 10 za akiba, maana mwendo mwingi wa hatari huanza kwa kuchelewa kuondoka. Wahudumu wa idara za dharura nao, wanapoandika historia ya majeruhi, wanaweza kuuliza na kuandika ajali ilitokea wapi na katika barabara yenye kikomo gani cha mwendo. Taarifa hizo zikikusanywa, huonyesha mahali ambapo tochi inahitajika zaidi.

Dereva wa Ontario hupata barua mbili za onyo kabla leseni yake haijasimamishwa. Mtoto aliyesimama mita 28 mbele ya gari hapati hata moja, na muda wa kumwonya dereva wake ni ule uliotangulia siku hiyo.